Kichujio Hakipurwi

Kila Jumamosi Muthoki alifua sare, akafagia, kisha akapangusa mashine ya kusafisha hewa chumbani mwa Mwau, mdogo wake mwenye pumu. Ulikuwa msimu wa kupura ndengu, na vumbi la maganda lilitanda eneo zima la Tawa.

Jumamosi hiyo taa nyekundu iliwaka. Kichujio kilikuwa kimejaa. Mama, aliyekuwa sokoni, alishamwonya, "Kikijaa usikiguse. Kipya kiko kabatini, nitakibadilisha mwenyewe."

Lakini kwao gunia halitupwi kwa sababu ya vumbi. Hukung'utwa likatumika tena. Muthoki akachomoa kichujio, akashika mwiko, akaanza kukipiga palepale kando ya kitanda alichoketi Mwau. Vumbi jeusi likafuka.

"Dada, hata wewe unapura ndengu?" Mwau akauliza.

"Napura pumu yako."

Mwau akacheka. Kicheko kikageuka kikohozi, kikohozi kikageuka filimbi kifuani. Dawa yake ya kuvuta haikumsaidia. Muthoki akapiga mayowe, na jirani akawakimbiza hospitalini kwa bodaboda.

Mama alifika akihema. Daktari akauliza, "Mtoto amevuta nini?"

"Labda vumbi la ndengu la majirani," Mama akasema.

Muthoki akainamisha kichwa. Mwau, mdomo na pua vimefunikwa kwa kifaa cha oksijeni, alimtazama dada yake, asimshtaki. Macho hayo yakamchoma.

"Si majirani, Mama," akasema akilia. "Ni mimi. Nilikung'uta kichujio karibu naye."

"Umefanya vyema kusema," daktari akamwambia. "Ule ni uchafu wa miezi mingi, pamoja na kuvu. Umemrudishia wote kwa mara moja."

Mwau alilazwa siku nne. Kabla Mwau hajarudi chumbani, Mama alimtoa kila mtu, akazima mashine na kuchomoa waya ukutani. Akavaa barakoa na glavu, akatia kichujio kichafu ndani ya mfuko wa taka polepole, akaufunga, akakitupa. Akapangusa mashine kwa kitambaa kibichi, akaweka kichujio kipya, akanawa mikono kwa sabuni.

"Muthoki, najua unampenda," alisema. "Lakini mwanangu, upendo usiosikia maonyo humuumiza unayempenda. Usilolijua, uliza."

Jumamosi iliyofuata Muthoki aliingia kupangusa mashine. Mwau alipomwona akiikaribia, alivuta blanketi, akajifunika uso. Muthoki akaweka kitambaa chini, akatoka, akamwita Mama aje aipanguse yeye.