Mbao na Fito

Kinusatope, mashine ya kutafuta vitu vilivyozikwa, kilitambaa juu ya kinamasi cha Ireland kwa miguu yake minane, mipana kama sinia, bila kuzama. Kila kilipokanyaga kilituma mtetemo ndani ya mboji, tope jeusi linalotunza mti maelfu ya miaka kwa kuwa hewa haifiki humo, kisha kikachora kwenye kioo cha Dakta Sikudhani Mahimbo kila kilichozikwa. Kiliundwa Mbeya na kufundishwa na Sikudhani mwenyewe, kwa Kiswahili chake. Mcheza kwao hutunzwa, lakini yeye alikuwa akitunzwa hadi ugenini, na hakuona haya kujisifu.

Kampuni moja ya nishati ilitaka kufukua kinamasi ili izike betri zake. Penye mabaki ya kale kinusatope kilitia rangi nyekundu, na wachimbaji wakapaacha. Pasipo na kitu kilitia kijani. Siku hiyo kilikuwa kimebaki kipande cha mwisho, na chote kilikuwa kijani. Mtambo wa kufukua ulikwisha kuwashwa.

"Dada, njoo uone!"

Alikuwa Gráinne, mwanaakiolojia Mwairishi aliyesomea Mbeya na kurudi na Kiswahili cha huko. Alipiga magoti ukingoni mwa mtaro, tope hadi viwikoni. Mbele yake vilichomoza vijiti vya unene wa kidole gumba, kimoja kikipita juu ya mwenzake, kingine chini.

Sikudhani akainama. Ncha zilikuwa zimekatwa mshazari kwa shoka. Zilikuwa fito zilizosukwa, kama ukuta wa nyumba ya udongo kabla haujakandikwa, ila huu ulilazwa chini ili watu wavuke kinamasi.

"Hii ni barabara," alisema Gráinne. "Mbona mashine imesema hakuna kitu?"

"Niliiambia itafute mbao."

"Na hizi si mbao?"

"Mbao ni mti uliopasuliwa, dada. Hizi ni fito. Kwetu ukimtuma fundi mbao akakuletea fito, utamfukuza. Mashine imenitii, basi."

Sikudhani alijua kuwa akiiambia kampuni, kila kijani cha nyuma kitatiliwa shaka, na kinusatope kitarudishwa Mbeya ndani ya sanduku. Aliogopa, tena sana. Hata hivyo akashika simu ya upepo, huku akienda kusimama mbele ya mtambo.

"Zima!"

"Ramani ni kijani, Daktari," msimamizi wa mtambo alijibu, sauti yake ikipitia kitafsiri cha sikioni.

"Ramani ni yangu, na nimekosea. Nimesimama mbele yako. Ukitaka kupita, pita."

Mtambo ukanguruma kidogo, kisha ukazimwa.

Sikudhani akakiamuru upya kinusatope: tafuta mbao, fito, na kila mti uliokatwa kwa mkono wa mtu. Kioo kikajaa nyekundu. Barabara ilitoka mashariki, ikanyooka vizuri, ikafika kwenye shimo walilofukua mwezi uliopita, ikakatika. Ng'ambo ya shimo ikaanza tena.

"Ya katikati iko wapi?" aliuliza Gráinne, ingawa aliliona shimo.

"Niliiruhusu ifukuliwe mimi."

Gráinne akamshika bega, akamwambia wapumzike kwanza, watu wa kampuni watakuja tu kugomba.

"Waje," alisema Sikudhani, akikigeuza kinusatope. "Sisi tunarudi kwenye kijani cha kwanza kabisa. Nataka kujua nimeharibu njia ngapi."