Dawa Tatu za Ashur

Asubuhi Izza hupika supu ya maharage makavu, akaimwagia mafuta ya zeituni. Ashur, mumewe, hula haraka na mkate. Kisha hushuka shambani akichechemea. Shamba lina ngazi tatu za kulimia, zilizochongwa mlimani na baba yake, hapa kwetu Ketama.

Ashur alikuwa mwashi mjini Tetuani. Alianguka kutoka jukwaa la ujenzi, mguu ukavunjika, na kazi ikaishia hapo. Akarudi nyumbani. Mwaka huu ushirika wetu wa wakulima ulimpatia kibali cha kulima bangi ya kupeleka kiwandani, maana siku hizi sheria inaruhusu. Sharti lilikuwa moja: asiyeleta mavuno hapati kibali tena. Na maskini, hakuwahi kulima hata kitunguu.

Alipanda beldia, mbegu ya wazee wetu. Mwezi wa sita, majani machache ya chini yakawa ya njano. Ashur akaingiwa na hofu.

Sasa, sisi watu wa Ketama tuna kosa letu. Kila kinachotoka duka la pembejeo tunakiita dawa, hata mbolea. Na dawa, mgonjwa akizidiwa, huongezwa. Ashur akanunua chupa ya kwanza. Ncha za majani zikaungua. Akaongeza ya pili. Majani yakajikunja. Akaongeza na ya tatu. Ngazi ya juu ikakauka yote.

"Mimi ni mkosi, Izza," alisema. "Kila ninachoshika kinaanguka."

"Ulianguka wewe. Jukwaa lilibaki," Izza akajibu, wala hakucheka. "Namwita Shangazi Yamna."

"Atanisimanga!"

"Na akusimange. Tukikosa kibali tutakwenda wapi na huo mguu?"

Bi Yamna ni jirani yao, shangazi kwa heshima tu. Amelima beldia miaka arobaini, tangu enzi za kujificha. Alifika, akainama, akakwangua udongo kwa kucha. Juu ya udongo palikuwa na ukoko mweupe.

"Unaona hii? Ni chumvi ya mbolea. Umewapa nini?"

Ashur akamwonyesha chupa tatu.

"Mwanangu, unalima au umefungua duka?"

"Walikuwa wanaumwa, shangazi. Nikawapa dawa."

"Dawa gani? Hiki ni chakula! Mtu amevimbiwa, wewe unamwongezea kuskusi?"

"Lakini majani yalikuwa ya njano."

"Majani machache ya chini huzeeka, yakaanguka. Huo si ugonjwa. Na beldia ni mtoto wa mlima, hula kidogo. Hizo mbegu za kigeni ndizo zenye ulafi."

Ashur akaketi chini. Machozi yalimtoka mbele ya wanawake wawili, wala hakuyafuta.

"Nifanye nini?"

"Acha kila kitu. Mwagilia maji matupu, mengi, mpaka yatokee chini ya ngazi na kuosha chumvi. Kisha ngoja udongo ukauke kabla ya kumwagilia tena. Jani lililoungua halitapona, usilitazame. Tazama majani mapya."

"Na mbolea?"

"Mmea mzima ukipauka, hadi majani mapya, upe mbolea ya aina moja tu. Anza na robo ya kipimo cha kwenye chupa. Ngoja wiki moja uone. Mwakani, changanya samadi ya mbuzi iliyooza vizuri kwenye udongo kabla ya kupanda. Mara nyingi hiyo yatosha."

Siku tatu Izza na punda wao walipanda na kushuka, wakibeba maji kutoka chemchemi. Ngazi ya kati ilikufa hata hivyo. Ashur aliing'oa mwenyewe, shina baada ya shina. Ngazi ya chini ikakaa vilevile wiki nzima. Halafu yakachipua majani mapya, ya kijani, yamenyooka. Ashur hakuongeza kitu, ingawa mikono ilimwasha.

Mwezi wa tisa walivuna ngazi hiyo moja. Mtu wa ushirika aliukagua mzigo, akausifu ubora wake, akagonga muhuri. Kibali kikabaki.

Jioni Ashur alikaa mlangoni, akitazama ngazi mbili tupu.

"Izza, kama ningekaa tu bila kufanya chochote, tungevuna zote tatu?"

Izza alitamani kumdanganya.

"Zote tatu," akasema, akaketi karibu naye.