Gari Alilolichagua Muindi

Jumamosi ile maegesho ya jengo la maduka pale Westlands yalikuwa yamejaa pomoni. Muindi, mchoraji wa ramani za majengo, alikuwa amekwamisha gari la kukodi kati ya nguzo na pikapu, na nyuma yake honi zilikuwa zikilia bila huruma. Ndipo mwanamke mmoja mwenye gauni la manjano na raba nyeupe akashuka kutoka gari la nyuma, akainama dirishani.

"Boss, achana na hiyo kamera ya nyuma. Angalia kioo cha kushoto, kata usukani wote, halafu rudi polepole."

Muindi alitii, gari likatoka bila mkwaruzo. Aliposhukuru, mwanamke alimwambia kuwa kamera ni kitu kizuri, ila huwafanya watu wasahau kwamba wana shingo. Muindi akacheka, akaomba amnunulie chai. Hivyo ndivyo alivyomjua Nyokabi, mfamasia wa Hurlingham.

Nyokabi alikuwa na maoni juu ya kila kitu chenye magurudumu. Alishikilia kwamba dereva anayekanyaga breki kila mara ni dereva asiyetazama mbele, kwamba gari jema humpa mtu habari za barabara kupitia mikono yake, na kwamba skrini pana kwenye dashibodi huwekwa kumlaghai mnunuzi. Gari lake mwenyewe lilikuwa kuukuu, la gia za mkono, limepauka bonetini. Lakini Jumapili moja alipoliteremsha kwenye mteremko wa kwenda Mai Mahiu, akishusha gia kabla ya kila kona, breki akiigusa tu, Muindi aliacha kutazama bonde lililokuwa chini yao, akawa anatazama mikono yake. Hakuwahi kuona mtu akifanya jambo lolote kwa utulivu namna ile. Jioni alimpigia simu kumweleza hivyo.

"Unanisifu mimi ama unasifu gari?" Nyokabi aliuliza.

"Gari sikuliona, mpenzi."

Walipendana. Ndiyo maana Muindi aliponunua gari lake la kwanza hakumwambia, alitaka kumshangaza. Alilipeleka moja kwa moja mpaka mlangoni pa duka la dawa, mchana, shati limepigwa pasi. Lilikuwa refu, jeupe, mraba, na milango ya nyuma iliteleza kando. Nyokabi alitoka na wenzake wawili, akalizunguka.

"Hii si gari," alisema. "Hii ni friji imepewa leseni."

Wenzake walicheka mpaka wakashikana. Nyokabi akaendelea: upepo utalisukuma, kwenye kona litalala. Muindi alitabasamu kidogo, akasema ana kazi, akaondoka. Siku hiyo hakupiga simu. Nyokabi alipompigia, alijibu kwa maneno machache, kisha akaacha kujibu kabisa. Nyokabi alijiambia kwamba mwanamume anayenunia mzaha wa gari hafai kuliliwa. Hata hivyo alilia, na kwa majuma kadhaa aliendesha kwenda kazini kila asubuhi redio ikiwa imezimwa.

Siku moja, akiwa kaunta, aliliona gari lile jeupe likisimama mbele ya kliniki ya mazoezi ya viungo, ng'ambo ya barabara. Mlango ukateleza. Mama mmoja mwenye kitenge cha buluu alishika kishikio, akateremsha mguu, na mguu ukagusa ardhi. Hakuinama, hakubebwa. Muindi alikuwa amesimama pembeni, mikono tayari, lakini mikono ile haikuhitajika.

Nyokabi alijua mama yake Muindi anaishi Ngara na anaugua nyonga. Alikuwa ameambiwa mara nyingi. Hakuwahi kuuliza anapandaje gari.

Alivuka barabara na koti lake jeupe la kazi.

"Nilikuaibisha mbele ya watu," alimwambia Muindi. "Na sikukuuliza kitu. Nisamehe."

"Nilitaka wewe ndiye ulipende kwanza," Muindi akasema. "Kabla ya Mum."

Mama alimtazama Nyokabi kuanzia viatu. "Wewe ndiye yule anajua magari? Niambie ukweli. Hii ikoje?"

"Mama, kwa kona inayumba," Nyokabi alijibu. "Lakini sakafu yake ni ya chini, na kiti kiko kimo cha nyonga. Kwa miaka yangu yote ya kupenda magari, sijawahi kuona mtu akichagua vizuri hivi."

Muindi akasema, kama anayewaza kwa sauti, kwamba Pasaka wanaenda nyumbani kwao Kitui, na barabara ni ndefu, na angefurahi kupata dereva wa kumpokea usukani.

"Atakuendesha kama nani?" mama akauliza. "Kule watu watataka kujua."

Muindi alimgeukia Nyokabi. "Kama mke wangu. Akikubali."

Nyokabi, aliyekuwa na maoni juu ya kila kitu, aliitikia kwa kichwa tu. Kisha akaona hiyo haitoshi, akamshika mkono, akasema ndiyo.