Tundu la Kapi

Kila asubuhi baada ya chai, Muzdalifa aliosha vyombo vya watu sita kwenye ghorofa ya pili ya nyumba yao kule Malindi, karibu na bandari. Nyumba hiyo ya mawe na chokaa ilijengwa iwe ghala la karafuu. Baadaye ikawa ofisi ya mawakala wa meli, kisha ikagaiwa familia. Sasa chini kuna duka la viungo la Kificho, wateja wake wengi watalii. Kutoka enzi za ghala lilibaki tundu kubwa kwenye ukuta wa jikoni, mahali palipokaa boriti yenye kapi la kupandishia magunia.

Mama yake, Bi Salhiya, alitoka mapema kwenda kazini. Agizo lake lilikuwa moja: maji machafu yabebwe kwa ndoo mpaka mtaroni. Ngazi zilikuwa arubaini na moja, Muzdalifa alizihesabu. Siku moja alichoka, akamimina ndoo ndani ya tundu la kapi. Ukuta uliyanywa maji yote, kimya. Basi hakushuka tena.

Ilipita miezi mitano. Doa la unyevu lilitokeza nje, juu ya mlango wa duka, na Kificho akamwita Fundi Mbarouk, mzee anayejua kazi ya chokaa. Fundi aligonga ukuta kwa kifundo cha kidole, akatega sikio, akapanda kuuliza kama kuna maji yanayoingia huko juu. Bi Salhiya alimgeukia binti yake.

"Wallahi, hakuna," alisema Muzdalifa.

Fundi aliamini kiapo cha mtoto. Alipiga lipu mpya, akaenda zake.

Jumamosi ya wiki ya pili, Muzdalifa akiwa anasugua sufuria, sakafu ilitikisika. Ukuta wa jikoni ulichanika toka juu hadi chini, ukamwagika njiani kwa kishindo. Vumbi lilipotua alimwona Kificho chini, mguu umebanwa na jiwe, mfupa umetoka nje ya ngozi. Bizari na damu vilichanganyika juu ya kizingiti.

Watu walimtoa wakamkimbiza hospitali. Ndugu yake, Sabri, alibaki. Fundi Mbarouk alikuja mbio kutazama, na kuja kwake kukawa kosa. Sabri alimdaka shingoni, akapiga ukelele kwamba mzee huyu amewalipulia kazi, lipu yake mchanga mtupu. Ngumi ya kwanza ilimng'oa fundi jino. Ya pili ilimwangusha. Vijana wengine, ambao hata hawakujua kisa, walimkanyaga mbavu. Mmoja aliokota kipande cha boriti, akamshushia mgongoni, mara mbili, mara tatu. Mzee alijikunja, mikono kichwani, wala hakujitetea tena.

Muzdalifa aliyaona yote kupitia pengo la ukuta. Alijua kwamba akinyamaza hakuna atakayemjua. Alijua pia kwamba mzee atakufa.

Alishuka ngazi zote arubaini na moja, akapenya katikati ya miguu ya watu, akajilaza juu ya fundi. Pigo lililokuwa njiani lilimpata mkononi. Alisikia kiganja kikivunjika.

"Si yeye," alisema huku analia. "Ni mimi. Nnamimina maji ya vyombo tunduni, toka Ramadhani."

Sabri aliinua mkono ampige. Bi Salhiya, aliyekuwa ndiyo kwanza anarudi, alisimama mbele yake na kikapu chake.

"Anza na mie," alisema.

Mkono ulishuka. Fundi Mbarouk alijiinua kwa kiwiko, akachota udongo wa ule ukuta, akafungua kiganja mbele yao. Ulikuwa tope linalonuka. Ndani yake mlikuwa na punje za wali na miba ya samaki. Sabri alitazama mkono wa mzee, akatazama damu kwenye ngumi zake, akaketi chini.

Kificho alipona, ila anachechemea. Sabri alimwomba fundi radhi mbele ya majirani, akambebea mawe mpaka ukuta ukasimama. Muzdalifa, mkono mmoja ukiwa kwenye plasta, alinyunyizia chokaa mpya maji kila siku kwa wiki sita, maana chokaa ikikauka haraka hupasuka.

Siku ya mwisho ya kazi Bi Salhiya aliwakuta fundi, Sabri na binti yake penye ukuta, hakuzunguka maneno.

"Nyumba hii imebeba magunia ya karafuu na haikuanguka," alisema. "Imeangushwa na ndoo moja ya kila siku, na kiapo cha uwongo juu yake. Ungesema mapema, Muzdalifa, ningekutia bakora mbili, yakaisha. Na wewe Sabri, ungeuliza kwanza, mzee angekuwa na jino lake."

Kisha alimkabidhi binti yake ndoo. Muzdalifa aliipokea kwa mkono mzima, akashuka nayo ngazi zote mpaka mtaroni.