Breki ya Mbele

Kwanza ilikuwa harufu tu. Harufu ya mpira ulioungua, ndani ya karakana ambamo siku hiyo haikuingia hata baiskeli. Fundi pikipiki akanusa huku, akanusa kule, akasema labda majirani.

Huyo fundi alikuwa amemzika kijana wake juzijuzi tu, na mkewe hampi hata salamu. Ugomvi wenyewe ni huu: baba alimfundisha mtoto pikipiki uani, pale padogo, akikimbia nyuma kashika keria. Ukuta ukikaribia anaivuta mwenyewe, inasimama. "Breki niachie mimi, we tia gia!" Wanacheka wote. Mtoto akajua kuondoka, kusimama hakujua. Siku ya kwanza barabarani, peke yake, kofia kaitundika mkononi kama kikapu, akakuta changarawe, akakamata breki ya mbele kwa nguvu zake zote.

Basi jua likianza kupoa, wakaisikia wote wawili, kutoka kwenye ile pikipiki ya ajali, iliyopondeka, pale pembeni ya karakana. Sauti ya mtoto wao kabisa, jamani.

"Baba, breki ya mbele naishikaje?"

"Usijibu!" mke akanong'ona. Ndiyo mara ya kwanza kusema naye tangu msiba.

Mganga akaitwa, akaja na ubani wake. "Si mtoto wenu huyo. Ni jini, kavaa sauti. Nikisoma ataondoka, ila akijibiwa hatoki tena. Fundi, umenisikia?"

"Nimesikia."

Mganga akasoma, na kadiri alivyosoma spana zikawa zinagongana ukutani bila mtu, ile harufu ikawakaba koo, na sauti ikazidi kuwa ndogo, ikawa kama ya mtoto anayejifunza kutembea, inalia, baba, baba, naishikaje, inafifia, na fundi anajua ikinyamaza hapo ndiyo basi, hataisikia tena mpaka naye anazikwa.

Akapiga magoti.

"Zote mbili, mwanangu. Ya mguu na ya mkono, taratibu. Kwenye changarawe usikamate ghafla. Na kofia uvae, ufunge mkanda."

Spana zikatulia ukutani. Halafu: "Nimeelewa, baba."

Mganga akabeba chetezo chake, hata kuaga hakuaga.

Kesho yake, jua lilipopoa: "Baba, breki ya mbele naishikaje?"

Akamweleza upya. Na kesho yake tena. Wateja wamehama wote. Mkewe siku hizi hukaa pale pale pembeni yake, wala hamlaumu.

"Mweleze polepole, baba watoto," anasema. "Huyu tangu zamani haelewi haraka."