Faili la Kuazima Kutoka Mikindani

Asubuhi ile sebuleni kwa Bi Barke hapakuwa na pa kukanyaga. Sufuria kubwa za shughuli zilijaa kutoka mlangoni hadi kwenye meza ya kompyuta. Sufuria hizo si zake peke yake. Ni za akina mama wa mtaa mzima, huku Shika Adabu, Likoni. Walichanga wakazinunua, kisha wakamkabidhi yeye azitunze. Kukiwa na harusi au hitima, watu huja kwake kuchukua.

"Hodi!"

"Karibu, karibu. Angalia usijikwae," alijibu Bi Barke.

Aliyeingia alikuwa mama yake Johari. Johari alikuwa anakaribia kuolewa, na mama yake alikuja kwa mambo mawili. La kwanza lilikuwa sufuria ya pilau.

"Nakuwekea ile kubwa kabisa," alisema Bi Barke. "Siku ikifika, mtaichukua na mfuniko wake, na mwiko wake mrefu, na mafiga yake ya chuma."

"Mafiga ninayo nyumbani, dada. Niwekee sufuria tu."

"Yale yako ni ya sufuria ndogo. Hii ukiiteleka juu yake, itapinduka na pilau lote. Mtachukua vyote pamoja."

Mama yake Johari alicheka akakubali. Mtaa wote unajua kwamba kubishana na Bi Barke juu ya sufuria ni kujichosha bure.

Jambo la pili lilimhusu Mwanarehema, mke wa Idarus, mwana wa Bi Barke. Mwanarehema alikuwa na kompyuta moja na printa moja. Aliwapigia majirani barua na kuwachapishia. Kazi ilikuwa bado changa, na watu wengi waliendelea kuvuka feri kwenda kuchapisha mjini.

"Mwanangu, nataka kadi za harusi," alisema mama yake Johari. "Ziwe na maua ya asumini pembeni. Jumamosi asubuhi akina mama wanaanza kupita nyumba kwa nyumba kualika. Ziwe tayari Ijumaa. Utaweza? Kama huwezi niambie sasa, nizipeleke mjini."

Mwanarehema aliitupia jicho kompyuta yake. Hakuwa amewahi kuchora ua kwenye kompyuta. Lakini alimpenda Johari, na kazi hii aliitaka sana. Kadi zikitoka nzuri, mtaa mzima ungejua kwamba Likoni kuna mchapaji.

"Nitaweza, inshallah," alisema.

Wakati huo Idarus alikuwa akinywa chai, na masikio yake yalikuwa kazini. Idarus ni fundi wa redio na feni. Ana mikono myepesi na moyo mwema. Ila ana tabia moja: akikosa kitu, haketi kufikiri. Anakwenda kuazima.

"Programu ya kuchora? Hilo dogo!" alisema. "Rafiki yangu Ngala wa Mikindani anayo. Nitakwenda kuichukua leo leo."

Akaenda kweli. Akavuka feri, akafika Mikindani, akarudi jioni na flopi mfukoni. Akaingiza programu ile kwenye kompyuta ya mkewe. Ikagoma kufunguka. Kwenye skrini yakatokea maneno: faili la picha lililomo humu ni la zamani, ninahitaji jipya.

"Basi, ni faili tu," alisema Idarus. "Chumvi ikiisha si tunapeleka kibakuli kwa jirani?"

Kesho yake akarudi kwa Ngala. Akaazima faili lile jipya. Kompyuta ya Mwanarehema ilikuwa na faili lenye jina hilohilo. Idarus akaliandika jipya juu ya la zamani, na la zamani likafutika.

Programu ya kuchora ikafunguka! Mwanarehema alipiga kigelegele. Akachora ua la asumini, akalipanga pembeni mwa kadi. Lilipendeza mno. Kisha akaamuru printa ichape.

Printa ikanyamaza. Akaamuru tena, kimya. Akafungua ile programu yake ya kila siku ya kuandikia barua. Nayo haikufunguka. Jana tu ilikuwa nzima.

"Idarus," alisema polepole, "umefanya nini?"

"Nimeongeza tu, mke wangu. Wallahi sikuondoa kitu."

Mwanarehema akashika tama. Ilikuwa Alhamisi. Kadi zinatakiwa kesho, na sasa hata barua ya kawaida hawezi kuichapa. Machozi yalimlengalenga. Idarus alikuna kichwa, akatoka nje, akarudi, akatoka tena.

Nyumba ya pili aliishi Dorcas Kenga, mwalimu wa kompyuta katika chuo kimoja mjini. Jioni aliporudi kazini, Idarus alikuwa amesimama mlangoni pake akimngoja.

Dorcas hakupumzika. Alikuja na mkoba wake begani.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Pita katikati ya sufuria hizo," alisema Bi Barke. "Hiki chombo cha watoto wangu kimepatwa na nini?"

Dorcas aliketi mbele ya skrini. Akauliza maswali mengi. Idarus akaeleza yote, la Mikindani na la chumvi pia. Dorcas alitabasamu.

"Sasa nimeelewa. Dada, kompyuta hii inatumia Linux, sivyo?"

"Ndiyo. Aliyeniuzia alisema ni mfumo huria. Sikuelewa sana maana yake."

"Maana yake ni kwamba walioutengeneza hawakuuficha. Yeyote anaweza kusoma jinsi ulivyoandikwa, akaurekebisha, akampa na mwenzake. Watu wa nchi nyingi wanaujenga pamoja. Kwa hiyo programu zake hazijitegemei. Mmoja ametengeneza faili la kushughulikia picha, na wengine wote wanalitumia hilohilo. Programu ya barua inalitumia. Kazi ya kuchapa inalitumia. Ni faili la pamoja."

Bi Barke akasogeza kiti chake karibu.

"Kama sufuria zangu," alisema.

"Kama sufuria zako hasa, mama. Shemeji hapa alikuta sufuria ya mtaa, akaitoa, akaweka ya Mikindani mahali pake. Mgeni mmoja, ile programu ya kuchora, akafurahi. Lakini wenyeji wote, mifuniko yao haiingii tena."

"Astaghfirullah! Idarus!"

"Mama, mimi sikujua ni ya watu wote," alijitetea Idarus. "Imeandikwa wapi?"

"Hilo ndilo swali zuri," alisema Dorcas. "Haijaandikwa mahali unapopaona kwa macho. Ndiyo maana Linux ina mtunzaji."

"Mtunzaji? Mtu?" aliuliza Mwanarehema.

"Si mtu. Ni programu. Hii yenu inaitwa apt. Kazi yake ni kusimamia vifurushi."

"Kifurushi ndicho nini?"

"Programu hufungwa pamoja kama kifurushi. Ndani yake kuna mafaili yake, na pia kuna maelezo: jina langu ni hili, toleo langu ni hili, na mimi siwezi kufanya kazi bila fulani na fulani. Wewe unamwambia apt, nataka programu ya kuchora. Yeye anasoma yale maelezo. Anakwenda ghalani, anakuletea programu pamoja na kila inachokihitaji, kwa toleo linaloelewana na vyote vilivyomo. Tena anakumbuka alichoweka na alipokiweka."

"Na ghala liko wapi?" aliuliza Bi Barke. Alikuwa amesahau kabisa kwamba jikoni kuna chungu motoni.

"Wenye intaneti wanachota huko. Hapa tuna hizi." Dorcas akatoa mkobani sidii kadhaa. "Ni za Linux ileile mliyo nayo. Hilo ni muhimu. Usichanganye vifurushi vya mfumo huu na mafaili uliyookota kwingine."

Idarus aliinamisha kichwa. Dorcas akamhurumia.

"Usione haya, shemeji. Wanafunzi wangu hufanya hivyohivyo."

Kwanza Dorcas aliondoa programu ile ya flopi. Akaingiza sidii, akamwamuru apt alirudishe faili la picha la mwanzo. Sidii ikanguruma. Wote wanne walikodoa macho.

"Sasa jaribu barua," alisema Dorcas.

Mwanarehema akabonyeza. Programu ya barua ikafunguka kama kwamba haijawahi kuumwa.

"Alhamdulillahi!" alisema Bi Barke kwa sauti. Harufu ya kuungua ikatoka jikoni. Akainuka akikimbia, akarudi akikimbia. "Ngojeni, msiendelee bila mimi!"

"Sasa tuombe programu ya kuchora kwa njia yake," alisema Dorcas. "Dada, andika wewe."

Mwanarehema akaandika amri fupi. Apt haikukurupuka. Ilitaja kwanza vifurushi itakavyoongeza, kisha ikauliza: niendelee?

"Mbona vingi?" aliuliza Idarus. "Tumeomba kimoja tu."

Bi Barke akamkata jicho. "Mfuniko, mwiko na mafiga, mwanangu. Huoni?"

Mwanarehema akacheka kwa mara ya kwanza tangu mchana. Akakubali. Vifurushi vikaingia kimoja kimoja. Programu ya kuchora ikafunguka. Akachora asumini upya, tena safari hii lilitoka zuri zaidi, kwa kuwa mkono ulikuwa umeshazoea. Akaamuru printa. Printa ikakohoa, ikavuta karatasi, ikaitoa. Jina la Johari lilikuwa katikati, na asumini pembeni.

Mwanarehema aliishika kadi ile kwa mikono miwili, akalia kidogo, akacheka.

"Nina swali," alisema Idarus. Sasa udadisi ulikuwa umempanda. "Kadi zikiisha, nikitaka kupunguza mizigo, naweza kuondoa hicho kifurushi cha faili la picha?"

"Mwulize apt mwenyewe," alisema Dorcas.

Idarus akaandika. Apt ikajibu kwamba kifurushi hicho kikitoka, programu ya kuchora itatoka, ya barua itatoka, na ya kuchapa itatoka pia. Ikauliza: niendelee?

"La, la, la!" Idarus aliruka akabonyeza hapana. "Kumbe inaonya!"

"Inaonya. Wewe kazi yako ni kusoma kabla ya kukubali. Ukiilazimisha, au ukipita nyuma yake ukaweka mafaili kwa mkono, yenyewe haitajua. Na isichokijua haiwezi kukulinda nacho."

Ijumaa kadi zilikuwa tayari. Jumamosi akina mama wakazipeleka nyumba kwa nyumba.

Siku chache baadaye Ngala alikuja Likoni. Kompyuta yake nayo ilikuwa imeanza kugoma.

"Yakhe, niazime faili lako la picha," alimwambia Idarus. "Langu naona lina matatizo."

Zamani Idarus angempa pale pale. Sasa alimuuliza Ngala anatumia Linux gani, na toleo gani. Ikaonekana si kama yake.

"Basi faili sikupi, litakuharibia," alisema. "Nina sidii za Linux yangu, Dorcas ametunakilia. Kama utaweka mfumo huu wote upya, nitakunakilia na wewe. Kama unabaki na wako, tafuta sidii za wako, umwachie mtunzaji wake akuletee."

Ngala alichagua kuanza upya. Akaondoka na nakala.

Bi Barke alikuwa akisikiliza kutoka jikoni. "Umempa vyote?" aliuliza. "Na kesho tukihitaji sisi?"

"Vyetu vipo, mama. Hivi huria, ukimpa mtu nakala, na wewe unabaki navyo."

Bi Barke alitoka, akazitazama sufuria zake. "Natamani na hizi zingekuwa hivyo," alisema. "Ningelala usingizi mimi."

Siku ya harusi, vijana walikuja kuchukua sufuria kubwa. Bi Barke alikuwa bado anavaa. Mmoja wao alijitwika sufuria, akaelekea mlangoni.

"Rudi hapa," alisema Idarus. "Mfuniko uko wapi? Mwiko? Mafiga?"

"Mafiga yapo kule, kaka."

"Yapo, lakini si yake. Chukua vyote."

Chumbani, Bi Barke alicheka peke yake, akaendelea kujifunga leso.

Pilau lilitosha na likabaki. Wageni walipoanza kutawanyika, bibi mmoja asiyemjua Mwanarehema alikuwa ameketi karibu naye, na kadi ya Johari mkononi. Alikuwa akiliangalia lile asumini.

"Hii wameichapisha mjini, bila shaka," alisema bibi yule. "Binti yangu anaolewa mwezi ujao. Sijui ni duka gani."

"Si mjini, bibi," alisema Mwanarehema. "Ni hapa hapa Shika Adabu. Njoo kesho nyumbani, nitakuchorea maua unayoyataka."