Haki ya Mungu, Atanikoma!

Mgeni alipiga hodi mara moja tu, akaingia uani, akakanyaga maji ya povu na kuteleza. Alianguka chali, mkoba wake mweusi ukaruka hadi chini ya kamba ya nguo.

"Pole!" Pilipili aliachia sufuria aliyokuwa akiisugua kabla ya kwenda shule. "Unamtafuta nani?"

"Namtafuta kaka yako, fundi cherehani," alisema yule dada huku akijipangusa sketi. "Naona nimeipata ardhi kwanza."

Pilipili hakucheka. Mama alimpa binti yake jina hilo kwa sababu ya hasira zake za karibu, na tangu kaka aumizwe hasira hizo zilikuwa hazipoi. Kaka alikuwa ameketi mlangoni, mkono wa kulia umefungwa bendeji hadi kwenye kiwiko. Alikuwa akishona kwenye baraza la jengo moja mjini, kwa ruhusa ya mwenye duka, walinzi wawili walipokuja kumfukuza. Mmoja, ambaye Pilipili alimwita Mrefu, alimpiga vidole kwa rungu, kisha akaitupa cherehani chini ya ngazi. Mwenzake, Mnene, alisimama pembeni akishika tumbo kwa kicheko. Pilipili, aliyekuwa amempelekea kaka chakula, aliyaona yote.

"Mimi ni mwanafunzi wa sheria za haki za binadamu," mgeni alieleza. "Kanisa letu lina ofisi ya kuwasaidia watu walioonewa. Mchungaji ndiye aliyenielekeza hapa."

Mama akachungulia kutoka jikoni. "Nilidhani watu wa kanisa huja na maombi tu."

"Maombi nimekuja nayo, mama. Na kalamu pia."

"Basi andika wafungwe wote wawili!" alidakia Pilipili. "Hasa yule Mnene. Haki ya Mungu, atanikoma!"

Mgeni alimtazama. "Hebu rudia."

"Atanikoma?"

"La, yale maneno ya kwanza."

"Haki ya Mungu," alisema Pilipili, sasa kwa sauti ndogo.

"Umeapa kwa haki ya Mungu ili ulipize kisasi chako. Hata mimi nilikuwa hivyo. Nilipokuwa na umri kama wako, baba yangu alipigwa kazini kwa kosa la mtu mwingine. Nilipiga magoti nikamwomba Mungu amchome msimamizi wake kwa moto. Moto haukuja. Kilichokuja ni swali: kama kila mtu ameumbwa kwa sura ya Mungu, nani atamtetea anapopondwa? Swali hilo halikuniacha. Wenzangu waliitwa kuhubiri, wengine kuuguza wagonjwa. Mimi niliona naitwa kusoma sheria."

"Hata Mnene ana sura ya Mungu?"

"Hata yeye."

"Basi siku hiyo Mungu alikuwa na haraka."

Kaka aliangua kicheko, cha kwanza tangu aumizwe. Mgeni naye alicheka, kisha akachuchumaa karibu na sufuria. "Kisasi Mungu alijiwekea mwenyewe, mdogo wangu. Haki ametuachia sisi tuifanyie kazi. Sasa niambie, Mnene alimpiga kaka yako?"

Pilipili aliichukua tena sufuria. "Alicheka."

"Kucheka si kupiga. Niahidi kwamba utasema ulichokiona, si unachokitaka."

"Naahidi," alinung'unika Pilipili.

Ahadi hiyo ilianza kumchoma siku hiyohiyo. Shuleni, binti wa Mnene alisoma naye darasa moja. "Eti kaka yako siku hizi anashona kwa meno?" aliuliza, na dawati zima likacheka. Pilipili aliuma midomo. Neno moja tu, aliwaza: alipiga. Akalirudia moyoni njia nzima ya kurudi nyumbani, tamu kama pipi.

Siku ya kesi walinzi wote wawili walishtakiwa kwa kumpiga kaka, na Pilipili alieleza jinsi rungu la Mrefu lilivyopanda na kushuka. Alieleza waziwazi hata Mrefu akainamisha kichwa na kukiri. Hakimu alimhukumu kifungo, akaiamuru kampuni ya ulinzi imtibu kaka na kumnunulia cherehani nyingine. Mama alishukuru kwa machozi. Ilibaki kesi ya Mnene, ambayo ingesikilizwa baada ya mapumziko.

Mnene alipita kwenye ujia akitafuna karanga. "We katoto, kelele zako hazijaisha?"

Mama alimvuta Pilipili kando. "Mwanangu, sema na huyu alipiga. Nani atajua?"

Pilipili alimwendea yule dada, ambaye sasa alimwita Dada Wakili ingawa bado alikuwa mwanafunzi. "Nikisema alipiga, atafungwa?"

"Atafungwa. Hakimu anakuamini."

"Na nikisema hakupiga?"

"Atatoka kwa mlango ule pale. Huenda akicheka." Dada Wakili alishusha pumzi. "Usidhani mimi ni malaika. Nami natamani afungwe. Lakini kaka yako aliadhibiwa kwa kosa ambalo hakulitenda, ndiyo maana tuko hapa. Tukimtwisha Mnene kosa lisilo lake, tutakuwa tumebadilishana nafasi na wale walinzi, basi. Kumtakia haki umpendaye ni rahisi. Mungu anatutaka tumpe hata yule tunayemchukia. Kazi niliyoitiwa ni hiyo, na leo ni yako pia."

Waliitwa ndani.

"Mtoto," aliuliza hakimu, "huyu naye alimpiga kaka yako?"

Pilipili alimtazama Mnene. Aliliona ganda la karanga limemnata kwenye kidevu, akamchukia zaidi. Neno lilikuwa tayari ulimini. Nyuma yake mama alikohoa.

"Hapana," alisema. "Alicheka. Alicheka sana. Lakini hakumpiga."

Hakimu alimwachia huru. Mnene alitoka akipiga mluzi, na mama akainuka bila kumtazama binti yake. Pilipili alitoka nje, akakaa kwenye ngazi za mahakama, akalia kwa hasira mpaka kwikwi zikamshika. Mlango ulikuwa bado wazi na hakimu alikuwa bado kitini. Pilipili hakurudi kulibadilisha neno lake.